Maswali ya Wasomaji: Kazi za Mikono za Watoto Katika Likizo ya Juni

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 24, ninaishi Nkuhungu, jijini Dodoma. Kanisa letu huwa na programu ya watoto ya siku tano kila likizo ya Juni, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Mchungaji alipotangaza ibadani kwamba anahitajika mtu wa kujitolea kuongoza kazi za mikono, niliinua mkono kabla sijafikiri. Sasa nimekabidhiwa kitabu cha mwongozo kilicholetwa na marafiki wa kanisa kutoka Marekani, nacho kinataka karatasi za rangi zenye gundi mgongoni, vijiti vya aiskrimu, chenga zinazong'aa na kifaa cha umeme cha kuyeyushia gundi. Tunatarajia watoto kama 90, wa miaka minne hadi kumi na mitatu, na fedha niliyopewa ni shilingi 60,000 kwa wiki nzima. Mimi si fundi wa chochote, najua kusuka nywele tu. Nifanyeje ili watoto wasirudi nyumbani mikono mitupu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uliinua mkono, na mengine yote yanafundishika. Nimeongoza kazi za mikono za watoto wakati wa likizo kwa miaka mingi, hapa mjini na katika vijiji vya Chamwino na Bahi, kwa hiyo uniruhusu nikujibu kwa kirefu.

Kitabu ulichopewa usikiweke kando chote, kwa kuwa hadithi zake za Biblia na maswali yake yatakufaa. Kurasa za kazi za mikono ndizo utakazozifunga, kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya maduka ya kwao na majira ya kwao. Huko Marekani shule hufungwa katika miezi ya joto, ilhali Juni yetu ni kipupwe, asubuhi ina baridi, na ikifika saa nne upepo wa Dodoma unaanza kupeperusha kila karatasi isiyokaliwa na jiwe. Tena programu hizi hazikuanza na vitu vya dukani. Mama mmoja wa Kibaptisti alipoanza kuwakusanya watoto wa mitaani jijini New York wakati wa likizo, mwaka 1898, hakuwa na jengo la kufaa, akakodi ukumbi wa kuuzia bia, na humo watoto wakaimba, wakasimuliwa hadithi na kufanya kazi za mikono. Alitumia kilichokuwa karibu naye, nawe utumie kilicho karibu nawe.

Shilingi 60,000 kwa watoto 90 kwa siku tano ni kama shilingi 133 kwa kila mtoto kwa siku. Ukijaribu kumnunulia kila mtoto kitu chake, fedha hiyo itaisha Jumatatu. Ukiinunulia vitu vinavyotumiwa na wengi, yaani mikasi michache yenye ncha butu, unga kidogo wa ngano wa kupikia gundi, sabuni, maka peni mbili, na nauli ya bodaboda ya kubebea udongo, itakutosha na huenda ikabaki.

Sasa nikueleze kosa nililolifanya mimi, ili lisikupate. Mwaka wangu wa kwanza nilikesha usiku mbili nikikata kondoo wa karatasi za manila kwa ajili ya watoto 70, kila kondoo na masikio yake, na pamba nimeshaigawa katika vifungu. Kazi iliyobaki kwa watoto ilikuwa kupaka gundi na kubandika. Walimaliza kwa dakika kumi, kondoo wote wakafanana, na mvulana mmoja wa miaka sita hivi akaniletea wake akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ya kwako au ni ya kwangu?" Sikuwa na jibu. Jioni ile niliwaokota kondoo kadhaa kando ya njia ya kutokea kanisani, pamba imeshajaa vumbi, nikaelewa kwamba mtoto hachukui nyumbani kitu ambacho mikono yake haikukitengeneza. Tangu hapo nina swali moja ninalojiuliza kabla ya kuchagua kazi yoyote: mtoto huyu akifika kwao, anaweza kuifanya tena bila mimi, kwa vitu vilivyopo uani kwao? Kama hawezi, ninaiacha, hata iwe nzuri namna gani.

Kwa kipimo hicho, kazi ya kwanza hapa Dodoma ni udongo wa mfinyanzi. Watoto wetu wa Kigogo wanafinyanga ng'ombe tangu wakiwa machungani, na hata wale wa mjini ambao hawajawahi kuchunga watashika mkondo ndani ya dakika chache. Waulize akina mama wanaouza vyungu sokoni, watakuambia udongo wao wanautoa wapi na watakuuzia. Viroba viwili vya kilo 25 vinampa kila mtoto kati ya 90 tonge linalolingana na ngumi yake, na ziada ya kutosha. Uloweke Jumamosi, Jumapili jioni uuchague mawe na mizizi, kisha uukande kama unavyokanda unga wa chapati. Ukitaka kujua kama umekuwa tayari, viringisha kijiti cha udongo chenye unene wa kidole, ukizungushe kwenye kidole chako: kikipasuka, unahitaji maji, kikinata kiganjani, uache upigwe upepo kidogo.

Jambo litakalowaliza watoto ni pembe. Mtoto anafinyanga ng'ombe mzuri, nundu imesimama, halafu anabandika pembe juu ya kichwa kwa kuzibonyeza tu, na zikikauka zinadondoka. Wafundishe kukwaruza kwa mwiba pale pembe itakapokaa na kwenye kitako cha pembe yenyewe, kupaka udongo uliolegezwa kwa maji kama uji mzito, kisha kubana. Dawa ni hiyo tu, na mtoto aliyeijua siku moja ataitumia maisha yake yote. Mwili wa ng'ombe usizidi unene wa dole gumba, na kazi zikauke kivulini kwa siku tatu au nne chini ya gunia lenye unyevu kidogo, maana upepo wetu hukausha nje kabla ya ndani, na hapo ndipo nyufa zinapotokea. Ndiyo sababu udongo unapangwa Jumatatu, ili Ijumaa kila mmoja aondoke na ng'ombe wake mkononi. Waambie mapema kwamba udongo usiochomwa ukiingia majini unayeyuka.

Najua wako watakaokushauri ukande unga wa ngano na chumvi badala ya udongo, kwa kuwa ni safi na miongozo mingi inaueleza. Mimi nakusihi usifanye hivyo. Nchi hii ya Ugogo imepita katika njaa nzito, na ile ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyopewa jina la Mtunya, bado inasimuliwa. Katika kila kundi la watoto 90 wako waliokuja bila kifungua kinywa. Kumpa mtoto wa namna hiyo tonge la unga ambao hautaliwa, achezee, kisha litupwe, ni jambo ambalo bibi yake hatalielewa, na nadhani ana haki. Unga wa kupikia gundi ni suala tofauti, kwa sababu kikombe kimoja tu hutosha kundi zima. Koroga unga huo katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina katika vikombe vitatu vya maji yanayochemka, koroga kwa moto mdogo hadi uwe kama uji mzito unaong'aa, tia chumvi kijiko kimoja ili usichache haraka, halafu uupoze. Ukikosa wa ngano, wa muhogo unanata vizuri pia.

Gundi hiyo hiyo itakupa rangi. Chekecha udongo mwekundu kwa kitambaa chepesi, uchanganye na gundi kidogo na maji, na utapata wekundu wa kutosha watoto wote. Mkaa uliosagwa utakupa weusi, na majivu meupe yatakupa rangi hafifu ya kijivu. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, na cha kuchorea ni maboksi yaliyokatwa, ambayo wenye maduka watakupa bure ukiwaomba siku mbili kabla. Siku ya rangi wasimulie watoto kuhusu michoro ya mapangoni ya Kolo, wilayani Kondoa, ndani ya mkoa wetu huu, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wa kale walichora pale watu na wanyama kwa rangi nyekundu iliyotoka katika mawe na udongo wa nchi yao, na sehemu ya michoro hiyo bado inaonekana. Nimeona mtoto wa miaka tisa akiisikia habari hiyo akaitazama rangi iliyo katika kifuu chake kwa heshima mpya kabisa, kisha akachora twiga polepole, ulimi ukiwa nje.

Nimeacha kwa makusudi lile ulilolitaja kana kwamba ni dogo. Umesema unajua kusuka nywele tu. Mwanangu, anayesuka nywele anasuka. Lugha yetu imetumia neno moja kwa nywele, kwa mkeka na kwa kikapu, na haikukosea, kwa kuwa mtindo wa nyuzi tatu unaomsukia mdogo wako ndio huo huo mtoto atakaouanza kabla ya kufika kwenye ukili mpana wa milala. Pita kwa mafundi cherehani wa mtaani kwenu uwaombe vipande vya vitenge wanavyovitupa. Vikate vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili, funga vitatu kwa fundo moja, na mtoto aliyekaa chini na miguu ameinyoosha avalishe fundo hilo kwenye dole gumba la mguu. Mguu ndio utakaomshikia kazi, na mikono yote miwili itakuwa huru. Watoto wa miaka sita watapata bangili, wa miaka kumi watapata kamba ya kurukia, na wakubwa waunganishe kamba zao, wazizungushe kama konokono na kuzishona kwa uzi, wapate kitambara cha kuwekea sufuria ya moto ambacho mama zao watakitumia kweli. Wavulana watakuambia kwamba kusuka ni kazi ya wasichana, usibishane nao. Waambie tu kwamba kamba ya kufungia ndama inasukwa hivyo hivyo, uwaonyeshe, uwaache.

Kuhusu mpango wa siku nitasema kwa ufupi. Wagawe watoto makundi matatu kwa umri, takriban 30 kila kundi, na kila kundi lije kwako kwa zamu ya dakika 40. Wadogo wa miaka minne na mitano wapewe dakika 20, kisha wakacheze. Usijaribu kuwaongoza peke yako. Omba vijana wa kidato cha pili au cha tatu ambao nao wako likizo, mmoja kwa kila watoto wanane, na uwafundishe kazi hiyo siku moja kabla, kwa sharti moja: wasiguse kazi ya mtoto. Kama mtoto amekwama, msaidizi aonyeshe kwenye udongo wake mwenyewe. Andika jina la mtoto kwenye kazi kabla hajaanza, kwa sababu akishamaliza atakimbia. Weka ndoo mbili za maji, ya kwanza ya kuondolea tope na ya pili ya sabuni, kwa kuwa maji ni ya kubana kwetu na bomba lisipotoka siku hiyo utakwama. Na kila mtoto aokote jiwe lake la kukandamizia karatasi. Hata hilo nalo hulipenda.

Yako mambo mawili ya usalama ambayo siwezi kuyapita. La kwanza ni mbegu. Watoto wakiambiwa walete mbegu za kutungia shanga, wengine huleta zile nyekundu zenye jicho jeusi, na wengine huleta mbarika, ambazo wengi huziita nyonyo. Zote mbili zina sumu kali, hasa zikitobolewa au kutafunwa. Zikusanye kwa upole, na mwombe kila mmoja alete mbegu za ubuyu, za maboga au za ukwaju. La pili ni la kwako na la kanisa zima: usikae na mtoto mmoja faraghani, chooni waende wawili wawili, na mtoto akabidhiwe tu kwa mtu aliyeandikishwa kumchukua. Mikono inapofanya kazi mdomo hufunguka, na mtoto anayefinyanga anaweza kukuambia jambo ambalo hajamwambia mtu mwingine. Akikuambia kwamba anaumizwa, msikilize, usimhoji kama hakimu wala usimwahidi siri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za namna hiyo azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na simu namba 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo.

SWALI: Nawasalimu. Mimi ni baba wa mtoto wa kike wa miaka minane mwenye ualbino, tunaishi Mpwapwa. Kila likizo anapokwenda kwenye programu ya kanisa, wakati wa kazi za mikono huwekwa pembeni avae kofia na kuangalia wenzake, kwa sababu walimu wanaogopa jua na wanaona haoni vizuri. Anarudi ana huzuni. Je, nimzuie asiende?

JIBU: Ndugu yangu, usimzuie. Nenda ukaonane na mwalimu siku moja kabla, kwa utulivu, maana naamini wanaomweka pembeni wanafanya hivyo kwa hofu na si kwa ubaya, na hofu huondoka mtu akijua la kufanya.

Jua ni suala la mahali. Walimu wengi hupanga watoto chini ya mbuyu kwa sababu ni mkubwa, lakini mwezi wa Juni mbuyu umeshapukutisha majani na kivuli chake ni cha shina na matawi tu. Waombe wahamie chini ya mwarobaini, ambao haubaki mtupu, au chini ya paa, na wakumbuke kwamba kivuli cha saa tatu kinakuwa kimehama kufikia saa tano. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua avae hata akiwa kivulini, kwa kuwa mwanga hurushwa pia na ardhi nyeupe na kuta.

Kuhusu macho, akae mbele na mwanga uwe nyuma yake, aruhusiwe kuisogeza kazi karibu na uso kadiri anavyotaka, na asikemewe kwa hilo. Mchoro wa mkaa mweusi, wa mistari minene juu ya boksi jeupe kwa ndani, ataufuata vizuri kuliko penseli kwenye karatasi. Ila kazi ninayokuombea umtafutie zaidi ya zote ni udongo. Udongo hausomwi kwa macho. Nilikuwa na msichana mwenye hali kama ya binti yako, ambaye alifinyanga kuku wa mayai akiwa ameyafumba macho kabisa, anapapasa tu, na alipomaliza, kila unyoya wa mkia ulikuwa umekwaruzwa mmoja mmoja kwa ukucha. Watoto wengine walimzunguka wakimwuliza alivyofanya, naye ndiye akawa mwalimu wa meza ile kwa siku zilizobaki.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzee wa kanisa, nina miaka 74, niko Manyoni. Tunawapa watoto siku tano tu kwa mwaka. Je, si bora muda huo wote ukatumika kwa Neno, badala ya kuchezea tope?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali lako linatoka katika kuwajali watoto, na nalipokea kwa heshima. Naomba usome tena Kutoka sura ya 31, ambapo Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza Bezaleli roho yake, katika hekima, na maarifa, na kazi ya ustadi, ili achonge na kutengeneza. Kazi ya mikono ipo ndani ya Neno lenyewe, wala si mapumziko ya kulikimbia.

Nami nimeona kwamba mtoto wa miaka saba aliyekaa kwenye benchi bila kazi hunisikiliza kwa dakika kumi, kisha macho yake yanakwenda dirishani. Mtoto huyo huyo akiwa na ukili mikononi hunisikiliza nusu saa, na huuliza maswali. Kwa hiyo mimi husimulia hadithi wakati wanafanya kazi, wala siitengi saa ya hadithi na saa ya mikono. Hadithi ya mfinyanzi katika Yeremia sura ya 18, ikisomwa wakati chombo cha mtoto kimemharibikia mkononi na anakikanda upya, haihitaji maelezo mengi.

Lakini ninalo ombi kwako pia. Mtu wa umri wako aliyekulia Manyoni huenda anajua kuchonga mpini wa jembe, au kupinda kamba ya magome, au kutengeneza kibuyu cha maziwa kikawa safi. Vijana wanaojitolea kuwaongoza watoto wetu hawayajui hayo, na hawana wa kumwuliza. Mwendee mwalimu wa watoto wa kanisa lenu kabla Juni haijaingia, umwambie unachokijua, na umwombe akupe zamu moja ya dakika 40 pamoja na kundi la wakubwa. Uende na panga lako dogo la kuchongea, na miti uwe umeikata mbichi siku iliyotangulia, kwa sababu mikavu itawashinda.